Tujitokeze kwa Ajili ya Wazee Wetu wa Vita



Ifikapo tarehe 25 Julai ya kila mwaka, taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mbele ya mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, pamoja na shada la maua. Viongozi wa dini huomba dua, nasi tulio mbali husikiliza redioni. Ni jambo jema na la heshima. Lakini mnara ni jiwe, nao hauumii usipotembelewa. Mzee anayeishi Mbwera, Msala au Kiongoroni, aliyevuka Mto Kagera akiwa kijana wa miaka ishirini na kurejea na sikio moja lisilosikia, huyo anaona ni nani aliyekuja na ni nani asiyekuja.

Katika toleo hili tunapenda kuzungumza na waamini wote, na hasa viongozi wa walei katika jumuiya ndogo ndogo, juu ya jambo moja: kutoka nje ya nyumba zetu, pamoja na majirani zetu, ili kuwapokea wazee hao na kuwaonyesha kwamba tunawatambua. Huenda wengine wakasema kwamba jambo hili ni dogo mno kwa Tume ya Haki na Amani, ambayo watu wameizoea katika migogoro ya mashamba, mirathi ya wajane na mahabusu waliosahauliwa. Sisi hatuoni hivyo, na tunaomba subira yenu tueleze sababu.

Mwaka mmoja tulihudhuria sherehe ya namna hiyo, mahali ambapo hatutapataja, kwa kuwa hatuandiki ili kumwaibisha mtu. Wazee wanne walitoka katika visiwa vya delta. Waliondoka alfajiri ili wawahi maji kujaa, wakafika gatini, wakapanda gari la mizigo, wakafika uwanjani kabla ya wenyeji wao. Waliketishwa kwenye benchi upande wa jua, kwa maana kivuli cha turubai kilikuwa kimetengwa kwa wageni waalikwa. Wageni walichelewa. Saa saba hotuba ya kwanza ilikuwa haijaanza, na wazee wawili walianza kuangalia upande wa pwani. Anayeijua delta anaelewa kwa nini. Maji yakikupwa, mkono wa mto hugeuka tope, na mashua iliyochelewa hulala hapo mpaka maji yarudi. Basi waliinuka wakaondoka, kila mmoja na soda yake mkononi, bila kutajwa majina. Hotuba ya kuwasifu ilisomwa saa nane na nusu, nao wakiwa tayari njiani.

Jambo lililotusikitisha zaidi si ukosefu wa turubai. Uwanjani palikuwa na watumishi, wanafunzi waliopangwa mstari, na wageni. Majirani hawakuwepo. Sisi wenyewe tulikuwa watatu tu kutoka parokia nzima, na mmoja wetu alikuwa amekwenda kwa shughuli nyingine. Hivyo tunapolaumu, tunaanza na nyumba yetu.

Wazee hao ni nani hasa? Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia, yakapora mali na mifugo, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akaeleza kwamba sababu ya kumpiga adui ipo, nia ipo na uwezo upo. Mwenye umri wa kukumbuka anaisikia sauti ile hadi leo. Lakini uwezo huo ulipaswa kukusanywa. Jeshi likakuzwa katika miezi michache hadi kufikia watu wapatao 150,000, na miongoni mwa walioongezwa walikuwemo mgambo kwa makumi elfu: wakulima, wavuvi, mafundi, watu waliokuwa wamejifunza kwata kwenye uwanja wa kijiji kwa bunduki za mti. Masaka ilianguka mwezi Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mapema mwezi Juni majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan. Wengi waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mwendo wa nchi nzima kutoka makwao.

Tufikirie safari ya kijana wa Rufiji aliyeitwa wakati ule. Kama alitoka kusini ya mto, alivuka kwa pantoni pale Ndundu, kwani Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Kutoka hapo ni Dar es Salaam, kisha reli, kisha ziwa au barabara ya vumbi, hadi kwenye baridi na migomba ya Kagera. Mtu aliyezaliwa kwenye mikoko, ambaye alijua kusoma maji na upepo, alipelekwa kwenye vilima ambako hakuna maji ya kujaa wala kupwa. Nyuma yake alibaki mama au mke, ambaye mpunga ulipoanza kuzaa alipanda kwenye dungu peke yake, usiku kwa ajili ya nguruwe na mchana kwa ajili ya ndege. Kwa sababu hiyo tunaposema wazee wa vita tunawahesabu na wanawake hao. Wengi wao sasa ni wajane, na hakuna sherehe iliyowahi kuwaandalia hata benchi la juani.

Hata hivyo historia ya deni hili haikuanzia mwaka 1978. Ardhi tunayoikanyaga imepata kuona vita zaidi ya mara moja. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwakusanya watu wa makabila mengi dhidi ya utawala wa Wajerumani, alinyongwa pale Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa vimeanza tu. Miaka tisa baadaye wakoloni walianza kupigana wao kwa wao. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, hadi walipoiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliokolewa kutoka majini, ikatolewa deltani na kuvutwa hadi Dar es Salaam, kisha ikatumika vitani kwa muda mrefu. Juu ya meli ile vimeandikwa vitabu vingi. Ndani yake mna majina ya manahodha, vipimo vya mizinga na hesabu ya makombora. Majina ya watu walioivuta mizinga ile kwa kamba topeni hatujayaona.

Vivyo hivyo kwa wapagazi. Mwanzoni mwa mwaka 1917 majeshi ya pande mbili yalikuwa katika bonde la Rufiji. Mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi, mto ukafurika, chakula kikaisha, na watu waliokuwa wakibeba mizigo ya majeshi hayo wakafa kwa njaa, homa na kuhara. Katika vita vile vyote, wanahistoria wengi hukadiria kwamba wapagazi waliofia upande wa Waingereza peke yao walikaribia 100,000. Kila anayekwenda kununua bidhaa Kariakoo analitaja jeshi lao bila kujua, kwa maana jina la soko lile limetokana na lile kundi la wapagazi ambalo Waingereza waliliita Carrier Corps, lililopiga kambi yake mahali pale. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na maandishi hayo yanawakumbuka na wapagazi. Lakini mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa, ambayo jamaa zao hawakuja kuidai kwa kuwa hawakujua wapi pa kudai, haikulipwa kamwe. Serikali ya London ilikataa kuitoa fedha hiyo. Mtume Yakobo anasema wazi juu ya ujira uliozuiliwa kwamba unapiga kelele, na kwamba kelele hiyo inasikika mahali pake.

Huko Ujerumani walichelewa, lakini walifika. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee zaidi ya mia tatu walijitokeza Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Basi ofisa aliyehusika, husimuliwa, alimpa kila mzee ufagio ashike kama bunduki, akamwamrisha kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Watu huisimulia habari hii kwa kucheka, nasi tumecheka pia. Tukiisha kucheka tunahesabu: tangu 1918 hadi 1964 ni miaka arobaini na sita. Waliokufa katikati hapo hawakupewa hata ufagio.

Katika Vita Vikuu vya Pili zaidi ya watu 80,000 kutoka Tanganyika waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Vita vilipokwisha, bahshishi ya kuagwa ilipimwa kwa rangi ya ngozi, askari Mwafrika akipata sehemu ndogo tu ya alichopata Mzungu wa cheo kilekile. Ndugu zetu hao karibu wote wametangulia mbele ya haki. Tunachowadai watawala wa zamani ni kikubwa, na si vibaya kukidai. Ila tuangalie tusije tukawa na midomo mirefu kwa London na Berlin, na kumbe sisi wenyewe tuna mzee jirani ambaye hatujamsalimu tangu mwezi wa Ramadhani au tangu Pasaka.

Sasa tuseme jambo gumu zaidi, ambalo lingekuwa rahisi kuliruka. Tunaandika haya kwa ajili ya watu wa Kibiti na Rufiji, na watu wa Kibiti na Rufiji wana kumbukumbu zao juu ya sare na bunduki. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu wapatao arobaini waliuawa katika wilaya zetu na jirani yetu Mkuranga: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, raia, na askari polisi, wakiwemo wanane waliouawa kwa siku moja, tarehe 13 Aprili 2017, eneo la Jaribu. Zilifuata operesheni, watu wakaacha kutembea usiku, mashamba yakabaki bila walinzi, na zipo familia ambazo hadi leo hazijui ndugu zao walikwenda wapi. Mwezi Novemba 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka hapa Kibiti, na familia yake ingali ikingoja jibu. Katika hali hiyo watu walijifunza kutojikusanya. Walijifunza kumtazama jirani mara mbili kabla ya kuitikia salamu. Mtoto aliyekua katika hofu hiyo, akimwona mzee aliyevaa koti la kijani lenye nishani, hawezi kujua mara moja kama akimbie au amshike mkono.

Kwa sababu hiyo hasa tunasema tujitokeze. Mzee wa Kagera aliye miongoni mwetu hawakilishi bunduki iliyotutisha. Yeye ni jirani aliyeitwa, akaenda, akarudi, akaweka silaha chini, na kwa zaidi ya miaka arobaini ameishi kwa jembe na wavu. Katika hayo mwisho ndimo tunamoona fundisho kwa vijana wetu, ambao yupo mtu aliyewadanganya kwamba silaha ni njia ya maisha. Mzee huyo anaweza kuwaeleza vita ni nini kwa namna ambayo semina zetu haziwezi. Wengi wao hawapendi hata kusimulia.

Liko pingizo jingine, nalo tumelisikia kutoka kwa viongozi wetu wenyewe wa walei: je, Kanisa linalohubiri amani litawashangiliaje watu wa vita? Pingizo hili lina uzito, wala tusilidharau. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa na ulimwengu wa leo, ulilaani kwa ukali maangamizi ya miji na watu wake, na katika sura hiyohiyo ukawatambua wale wanaotumikia nchi zao jeshini kwa haki kuwa ni watumishi wa usalama na uhuru wa watu. Hatusherehekei kuuawa kwa mtu yeyote, hata askari wa Amin, ambao nao walikuwa na mama zao. Tunamheshimu mtu aliyebeba mzigo ambao ungetuangukia sote. Amri ya kusimama mbele ya mwenye mvi, iliyo katika kitabu cha Walawi, haikuweka sharti la kumwuliza kwanza mvi zake alizipatia wapi.

Tena ni vema tukumbuke kwamba katika eneo letu sisi Wakristo ni wachache. Wazee wengi wa vita ni Waislamu. Jambo hili haliwezi kuwa shughuli ya parokia inayowaalika wengine wahudhurie. Linapaswa kuwa shughuli ya kijiji, na parokia ikiwa mmoja wa watakaobeba viti. Katika kijiji kimoja cha pwani tuliona namna inayofaa. Wazee wa msikiti na katekista walikaa siku mbili kabla, wakakubaliana kwamba hakutakuwa na meza kuu. Asubuhi watu walishuka gatini wenyewe, akina mama mbele, wakawapokea wazee mashuani kwa kuwashika mikono, maana ngazi ya gati ilikuwa na utelezi. Shehe aliomba dua, katekista aliomba sala fupi (alijitahidi iwe fupi), kisha wazee wakaulizwa kama wana neno.

Mzee mmoja alisema kwamba wao waliondoka kijijini kwao wakiwa kumi na wawili. Majina kumi na moja anayo, akayataja moja baada ya jingine, polepole, na watu wakawa wanaitikia: huyo ni babu yangu, huyo alihamia Ikwiriri, huyo hakurudi. La kumi na mbili limempotea. Alikuwa akilitafuta usiku, alisema, na linafika karibu na mdomo kisha linarudi. Aliomba aliyepo anayemkumbuka kijana mrefu, fundi wa kuchonga mitumbwi, amsaidie. Hakuna aliyejibu siku ile. Lakini tangu hapo watu wa vijiji vitatu wamekuwa wakiulizana, na hilo peke yake ni kazi ambayo hakuna hotuba iliyowahi kuifanya.

Kujitokeza kwa siku moja hakutoshi, nasi hatudai kwamba kunatosha. Askari aliyestaafu kazi ya jeshi ana utaratibu wake wa malipo. Mgambo aliyeitwa kwa ajili ya vita, kisha akarudi kwenye mpunga wake, mara nyingi hana hata karatasi ya kuonyesha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo. Hata hivyo mzee anayefika dirishani na kuambiwa dawa hakuna, akanunue, anarudi nyumbani na sera mkononi. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na huku Bara wazee na watetezi wao wamekuwa wakidai jambo kama hilo kwa miaka mingi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti, wazee walikuwa wa kwanza kuhitaji kubebwa. Anayemjua mzee kwa jina na kwa njia ya kufika kwake ndiye atakayekumbuka kumbeba. Hii ndiyo sababu tunaanza na salamu ya gatini: tunataka kujua wako wangapi, wako wapi, na ni nani anayekaa nao usiku.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya zote zianze kazi mapema, kabla ya mwezi Julai. Viongozi wazungumze na wenyeviti wa vitongoji na maimamu, wasiwatumie barua tu. Majina yaandikwe, ya wazee wenyewe na ya wajane, pamoja na vijiji walivyotoka wakati wa kuitwa, kwa kuwa wengi wamehama. Asiyeweza kusafiri asilazimishwe. Watu wamfuate kwake, na wasiende ishirini kwenye nyumba yenye mkeka mmoja. Anayehitaji hati, na awe na shahidi aliyekuwa naye vitani, tumsaidie kuandika maelezo yake wakati shahidi angali hai. Vijana wa VIWAWA wenye simu za kurekodi waketi na wazee wanaopenda kusimulia, na wanaponyamaza wawaache wanyamaze.

Na wale watakaopanga saa za shughuli, wakaulize kwanza kwa wenye mashua maji yatajaa saa ngapi na kukupwa saa ngapi siku hiyo. Hotuba zipangwe baada ya kupata jibu.